Mlio wa Bunduki ya Marhoon

Alhamisi moja baada ya sala ya alasiri, Marhoon alifunga kilemba mbele ya kioo na kumwambia mkewe kwamba anakwenda kununua bunduki. Muhsina alikuwa amekaa ukumbini anachambua mchele.

"Ningoje nivae abaya," alisema. "Mara ya mwisho kukuacha ununue kitu peke yako ulirudi na zulia lile."

Marhoon alimngoja. Alikuwa amestaafu wizarani, watoto wake wote walikuwa wameshaoa na kuolewa, na katika nyumba yao ya Khuwair ya Kusini, Maskati, walibaki wao wawili na Namirembe, mwanamke wa Masaka, Uganda, aliyewapikia, aliyewafulia na kumshika mkono Muhsina kila alipopanda ngazi, kwa sababu goti la kulia lilikuwa limemchoka.

Sababu za kununua bunduki zilikuwa mbili. Kwanza, wezi walikuwa wameingia nyumba ya binamu yake kule Madinat Sultan Qaboos, wenyewe wakiwa harusini, wakabeba dhahabu yote na kuacha bomba la maji linamwagika. Pili, swahibu yake Maan alikuwa hachoki kumwita kwenye uwanja wa shabaha, ambako wazee wenzao hukutana Ijumaa kupasua visahani vya udongo vinavyorushwa angani. Rukhsa ya silaha ilikuwa imeshatoka. Marhoon alitaka bunduki moja itakayofaa kwa yote mawili.

Mwenye duka, Saeed, alikuwa na sauti ya daktari wa watoto. Aliwatandikia kitambaa juu ya meza na kuwawekea bunduki tatu za marisau, zote za aina ile inayovutwa kwa mkono wa mbele ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine.

"Aina hii haina makuu," alisema. "Unavuta, unarudisha, imekoki. Ikiingia mchanga unaifuta, unaendelea. Sasa, mtutu. Mrefu ni mzuri uwanjani, jicho linafuatana na kisahani. Ndani ya nyumba utagonga nao kabati kabla hujageuka. Kwa hivyo chukua inayokubali mitutu miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi, ukabadilisha mwenyewe."

"Na bega?" Muhsina aliuliza. "Bega lake hili lishawahi kuteguka."

"Kuna ya tundu pana, inapiga teke kama punda. Na kuna ya tundu dogo, laini. Hata bibi ataiweza."

"Bibi hana haja."

Ya kwanza kitako chake kilikuwa kirefu, Marhoon akawa kama anayenyoosha shingo kuchungulia ukuta wa jirani. Ya pili ilikuwa nzito kuvuta. Ya tatu, ya tundu dogo na kitako cha mti wa rangi ya kahawa, ilimkaa begani kana kwamba ilichongwa kwa kipimo chake. Muhsina alimtazama, akamwona kijana aliyemposa, mwembamba, amesimama wima kwa kuogopa wakwe.

Marhoon aliuvuta mkono wa mbele na kuurudisha. Chaka-chaka. Papo hapo makabati yote ya vioo dukani yakafunguka, droo zikatoka nje, mlango wa mbele ukajisukuma, na mkoba wa Muhsina ukaachia mdomo na kumwaga tasbihi, funguo na panadoli sakafuni.

Saeed alianza kurudisha droo moja moja. "Tabia yake ni hiyo," alisema. "Ikikokiwa, kilichofungwa kinafunguka. Wameshairudisha watu wawili."

"Inapiga sawa?" Marhoon aliuliza.

"Kuliko zote."

Muhsina aliinama kwa taabu kuokota tasbihi. "Sasa siku akija mwizi si utamfungulia nyumba nzima?"

Marhoon alilifikiria jambo hilo. "Mwizi akisikia mlio huu atataka kukimbia. Akitaka kukimbia, atahitaji mlango."

Muhsina aliona hoja ina maana. Isitoshe, ilimkaa vizuri. Wakainunua.

Nyumbani Marhoon aliijaribu ukumbini, ikiwa haina risasi. Mlango wa nje ulifunguka, na geti, na madirisha, na friji, na kopo la sukari, na bangili ya Muhsina, na masanduku ya safari yaliyokuwa juu ya kabati. Kwa jirani gari tatu zilifunguka. Namirembe alikuwa anapiga deki ukumbi mwembamba karibu na chumba cha stoo, na humo stoo kasha la chuma lililojengewa ukutani likafunguka pia. Ndani yake mlikuwa na hati za nyumba, dhahabu ya Muhsina, na pasi ya kusafiria ya Namirembe.

Namirembe alikausha mikono kwa aproni, akaichukua pasi. Aliitazama picha. Mwanamke wa pichani alikuwa na mashavu zaidi.

Marhoon alitokea mlangoni na bunduki yake mkononi, mtutu ukiangalia chini kama alivyofundishwa.

"Baba, hii ni yangu," Namirembe alisema.

"Yako, mwanangu. Nani kasema si yako? Nnakuhifadhia tu, isije ikapotea." Aliipokea kwa upole, akairudisha, akafunga kasha.

Ikawa desturi. Ijumaa Marhoon alikwenda uwanjani na Maan, akapasua visahani vingi kuliko alivyotarajia, na milango ya magari yote yaliyoegeshwa ikawa inafunguka kila alipovuta. Wenzake walimwomba asimame upande wa mwisho, wakaendelea na mchezo. Mtaani habari zilienea. Bi Ghaliya wa nyumba ya tatu alipokwama chooni kwa sababu ya kitasa kibovu, bintiye alikuja kumwita Marhoon badala ya fundi. Marhoon alikoki bunduki uani kwake, na Bi Ghaliya akatoka amejifunga taulo kichwani, akasema, "Allah akuweke, Marhoon," akaenda kukaangia wageni sambusa. Walikuja wenye magari, wenye makasha ya marehemu ambayo funguo zake zilizikwa na wenyewe, na bwana harusi aliyenasa pete kidoleni. Muhsina aliwapa wote kahawa na halwa. Alifurahi kumwona mumewe anahitajika tena.

Na kila mara kasha la stoo lilifunguka, na kila mara aliyelifunga alikuwa Namirembe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Kisha mdogo wake, Nakato, akapiga simu kutoka Masaka. Alikuwa amepata mchumba, na siku ya kumtambulisha kwa wazee na kutoa mahari ilikuwa imepangwa. Namirembe ndiye aliyemlea Nakato baada ya mama yao kufa, ndiye aliyemsomesha kwa mshahara wa Maskati, na kwa mila ya kwao ndiye angekaa naye mkekani siku hiyo. Usiku huo hakulala vizuri. Asubuhi, akimkanda Muhsina goti kwa mafuta ya habasoda, alisema.

"Mama, nilikuwa naomba kwenda nyumbani. Nakato anaolewa."

Muhsina alipiga kigelegele, akamkumbatia, akamtakia heri. Halafu akaanza kulia.

"Na mimi utaniachia nani? Miye nna goti, nna Baba yako ambaye hata chai hajui kuchemsha. Nikishapasuliwa goti, wallahi utakwenda. Safari hii wallahi."

Ahadi ya kabla ya hapo ilikuwa baada ya Ramadhani, na kabla ya Ramadhani ilikuwa baada ya binti yao kujifungua. Mkataba wa Namirembe ulikuwa umeshamalizika na kuhuishwa bila ya yeye kuulizwa, maana kila mtu nyumbani alijua jinsi anavyopendwa. Alikula meza moja nao. Wajukuu walimwita shangazi. Alipougua homa, Muhsina alimkesha na kumlisha uji kwa kijiko.

Jumatatu yake Bi Ghaliya alikwama tena. Marhoon alikwenda na bunduki. Namirembe alikuwa anapiga pasi kanzu. Aliposikia chaka-chaka kutoka nyumba ya tatu, alichomoa waya, akaikunja kanzu vizuri, akaingia stoo, akachukua pasi yake ya kusafiria kwenye kasha lililo wazi, akapita mlango ulio wazi na geti lililo wazi. Alifika barabara kubwa, akakaa kituo cha basi na mkoba mapajani.

Marhoon alimkuta hapo. Alizima gari, akashuka na chupa ya maji, akakaa naye kwenye benchi. Joto lilikuwa limepanda hata kunguru wamejificha.

"Umetoka bila ya mwavuli," alisema.

"Nakwenda nyumbani, Baba."

"Na tikiti?"

Namirembe aliuvuta mkoba karibu. Mshahara wa miezi iliyopita ulikuwa umekwenda Masaka kwa ajili ya mkeka, hema na ng'ombe wa karamu. Tikiti, kwa mkataba, ilikuwa juu ya Marhoon.

"Mama yako amekaa ukumbini analia," alisema Marhoon. "Kasema hali chakula mpaka urudi."

"Nakato pia analia."

"Nnajua."

Na kweli alijua. Alikuwa na uwezo wa kuinunua tikiti ile pale pale, kwa simu iliyokuwa mfukoni mwake, na alilifikiria hilo kwa muda ambao mabasi mawili yalipita. Kisha akamfikiria Muhsina peke yake kwenye ngazi, mkono mmoja ukutani. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kilemba. Namirembe akamwonea huruma, akampa chupa anywe kwanza.

"Baada ya goti," alisema Marhoon. "Nakuahidi kama baba."

Jua lilikuwa kali na benchi lilikuwa linaunguza. Namirembe alipanda gari. Njiani Marhoon alisimama akamnunulia maji ya miwa. Muhsina aliwapokea mlangoni, akamshika Namirembe uso kwa mikono miwili, akambusu paji la uso, na hakumgombeza hata kwa neno moja. Pasi ikarudi kwenye kasha.

Siku ya Nakato ilipofika, Muhsina alimvisha Namirembe nguo yake mwenyewe ya hariri, akamfukiza udi, akamvalisha mkufu wa dhahabu. Zawadi ya vitenge na manukato ilikuwa imeshatumwa Masaka wiki iliyotangulia. Waliisimamisha simu juu ya meza ya ukumbini, wakaiegemeza kwenye birika la kahawa, wakakaa watatu kwenye kochi. Hema lilionekana, na wazee kwa kanzu zao, na Nakato amepiga magoti mkekani na nafasi tupu pembeni mwake. Muhsina alipiga vigelegele mpaka wageni wa Masaka wakageuka kuitafuta sauti. Alilia kuliko mama mzazi.

Marhoon hakujizuia. Kwao Maskati bibi harusi hapokelewi kimya. Alikwenda kuichukua bunduki, akasimama katikati ya ukumbi, akaivuta na kuirudisha kwa heshima ya Nakato. Milango yote ya nyumba ikafunguka. Kule Masaka masanduku ya mahari yakafunguka, na zizi likafunguka, ng'ombe wakatoka taratibu na kuingia hemani, na wazee wakawasogezea viti.

Nakato alisogea karibu na simu. Alizungumza Kiganda, na Namirembe peke yake ndiye aliyemwelewa.

"Dada, naona mlango nyuma yako uko wazi. Na geti pia. Mbona huji?"

Namirembe aligeuka akatazama. Barabara ilionekana, na gari la maziwa likipita.

"Anasemaje?" Muhsina aliuliza, akijifuta machozi.

"Anasema asante kwa zawadi, Mama."

"Maskini, mtoto ana adabu! Umemlea vizuri." Muhsina alimpapasa mkono na kuushikilia kidogo. "Hebu mwanangu, kafunge milango, ubaridi wote unatoka."

Namirembe aliinuka na hariri yake, akaanza na geti.