Shindano la Mpandaji, Si la Farasi

Wazungu walipoukimbia mji wa Likasi baada ya uporaji mkubwa, farasi wa klabu ya mtaa wa Panda walibaki mikononi mwa Isidore, mtunzaji wao, na binti yake Bénie akajifunza kuwapanda. Jumapili moja, baada ya misa, klabu ilifanya maonyesho yake ya kwanza tangu siku hizo. Mshindi wa vijana angepewa mfuko wa unga wa mahindi. Mshahara wa Isidore ulikuwa umegeuka hadithi tu, haulipwi, na mkewe Emérance hakuondoa macho kwenye mfuko ule.

Jirani yake Adrienne, aliyewahi kupika klabuni, alimfafanulia mashindano.

"Ya kwanza, baliruka miti. Ya pili, baliangalia mwili ya farasi. Hii ya tatu ni ya muntu tu: vile anaikala, vile mikono inatulia. Farasi inaweza kuwa kama mbuzi ya Kwaresima, haina neno."

"Basi Bénie iko muzuri."

"Nyamaza, mama. Ukimusifu sasa, utamuloga mutoto."

Bénie alipewa Bijou, farasi mzee mwenye mbavu za kuhesabika. Alizunguka, akageuka, akasimama. Mgongo wima, mikono mitulivu. Jean-Luc, mwana wa mkurugenzi wa klabu, alikuja juu ya farasi anayeng'aa, akamvuta hatamu hata mnyama akarusha kichwa. Hata hivyo mwamuzi, Bwana Nicolas, alimweka Jean-Luc wa kwanza, Bénie wa mwisho.

"Farasi ya huyu binti imekonda," alitangaza. "Inaharibu concours, mashindano yote."

Emérance akavuka kamba ya uwanja hadi kwa mwamuzi.

"Monsieur le juge, farasi ni ya klabu. Miye sikuikondesha. Asubui ulisema weye mwenyewe ku mikrofoni: tunapima mupandaji."

"Mama, weye unajua nini ya farasi?"

"Sijui farasi. Najua kile ulisema. Babadilishane, basi. Jean-Luc apande Bijou."

Watu wakacheka, kisha wakamgeukia mwamuzi, kwa kuwa ombi lile lilikuwa la haki. Bwana Nicolas alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi akatikisa kichwa kukataa.

"Saa imeisha," mwamuzi akasema.

Sauti ya Emérance haikupanda. "Bénie, usishuke. Zunguka tena."

Jina la Jean-Luc lilipoitwa kwenye meza ya zawadi, Bijou alikuwa tayari akitembea. Adrienne akaipa meza mgongo, akageuza kiti chake kuelekea uwanjani. Kisha mtazamaji mwingine akageuza chake, na mwingine. Mkurugenzi aliupakia unga garini bila kusikia makofi ya mtu hata mmoja.