Mwanya wa Milimita Tatu

Fundi wa meno bandia alimtambua mgonjwa kabla hajamaliza kusoma karatasi. Ilikuwa karatasi ya kila siku, ya aina anayoletewa na daktari kutoka chumba cha mbele: meno ya juu, seti nzima, mwanamume, umri miaka sabini na minne. Chini kabisa daktari alikuwa amepigia mstari mara mbili maneno haya: mgonjwa anataka mwanya ufungwe. Lakini macho ya fundi yalikuwa yamenasa juu, kwenye jina. Daktari, binti wa juzi tu, jina lile halikumwambia kitu, na wala si kosa lake, kwa sababu kwa miaka hamsini hakuna aliyemwita mzee huyo kwa jina lake. Watu wote walimwita Mwanya. Ni mpenzi wa kweli wa Bendi ya Machipukizi peke yake ndiye angejua jina alilopewa na mama yake, na fundi alikuwa mpenzi wa kweli, tena wa kula kiapo.

Mwenzetu huyu alimposa mkewe katikati ya nyimbo mbili, haraka haraka, ili asikose wa pili. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Machipukizi wakiwa jukwaani, na baba mtu alikuwa mstari wa mbele, si hospitalini. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe bila haya, akitaja na nyimbo zilizopigwa usiku ule kwa mpangilio wake. Chama cha wapenzi wa bendi kilianza na watu mia mbili. Sasa wamebaki wanne, hukutana kwa kinyozi Jumamosi mchana kusikiliza santuri, na mmoja wao hasikii tena, hutikisa kichwa akiwafuata wenzake. Na Machipukizi wenyewe, aliye mdogo kuliko wote ana miaka sitini na minane.

Kwa wanaojua mambo, utamu wote wa bendi ulikuwa mdomoni mwa Mwanya. Kati ya meno yake mawili ya mbele palikuwa na upenyo, na kila alipoimba neno lenye herufi s, mluzi mwembamba ulipita hapo. Wapinzani walisema ni kasoro. Mpenda chongo huita kengeza, na fundi alisema ni ala ya tisa ya bendi. Kulikuwa na mstari mmoja, "sina sababu ya kusita," ambamo mluzi ulipita mara tatu, na ukifika hapo fundi hufumba macho hata kama ameshika kisu cha moto.

Sasa meno yale yalikuwa yameng'oka yote na kuondoka na mwanya wao. Mezani kwa fundi palikuwa na sanamu ya plasta ya ufizi mtupu, mweupe kama wa mtoto mchanga. Mtu aliyeomba miaka arobaini kwamba Mwanya amjue walau kwa sura, leo amepewa sauti yenyewe mkononi. Na karatasi inamwamuru aiue.

Saa ya chakula cha mchana alikwenda nyumbani mbio. Mkewe alimkuta amesimama juu ya kiti, ameteremsha jalada la santuri lililotundikwa ukutani, anapima tabasamu la Mwanya kwa bikari. Katika picha ile Mwanya alikuwa ameshika kipaza sauti, na fundi aliujua unene wake kwa sababu siku moja aliwahi kukigusa. Alipiga hesabu, akafuta, akapiga tena, akapata milimita tatu. Mkewe alimuuliza kama aliwahi kujua hata mtoto mmoja anavaa kiatu namba ngapi. Fundi akajibu kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Mama watoto akasema hilo analikubali, akampakulia chakula.

Kazi ya siku moja aliifanya kwa siku mbili. Aliyapanga meno kwenye nta, moja baada ya jingine, na kati ya yale mawili ya mbele akaacha milimita tatu, hakuzidisha wala hakupunguza. Alijiambia kwamba wagonjwa husema mengi wakiwa na maumivu. Alijiambia kwamba mzee akijisikia tu, atalia kwa furaha. Na kama daktari angeuliza, angesema amekosea, ingawa kwa miaka thelathini hakuwahi kukosea hata kipimo cha jino moja.

Siku ya kujaribisha, Mwanya aliingia amevaa koti lililompwaya, mkono mbele ya mdomo. Fundi alimwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba ya watu wasio na meno, akaketi. Daktari alisimama nao kidogo, kisha akaitwa chumba cha mbele kwa mgonjwa aliyevimba shavu. Wakabaki wawili. Mzee akayavaa meno, akayakaza kwa ulimi, akapokea kioo.

Alijitazama muda mrefu.

"Fundi," alisema, "karatasi uliisoma?"

"Niliisoma, mzee wangu."

"Sasa hiki umenifanyia ni kisa gani?"

Mluzi huo hapo! Fundi alisikia mwili ukimsisimka. Mzee aliendelea kumsema: siku hizi mafundi hawasikii, sisi wazee mnatuona hatuna akili, si nilisema, si daktari aliandika. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayejuta, lakini majuto hayakuwemo. Alikuwa akihesabu herufi. Hakuna mtu aliyewahi kufurahia kukaripiwa namna ile.

Hatimaye alikiri kwamba yeye ni mpenzi wa bendi, wa miaka mingi, na kwamba hakuwa na moyo wa kuifunga sauti ile. Akaomba, kama haitakuwa taabu, asikie ule mstari, huo mmoja tu.

Mzee aliweka kioo chini. Hasira ilikuwa imemtoka, na fundi angependa ibaki.

"Mke wangu alipofariki," alisema mzee, "tulipomaliza kuzika nilisimama niwashukuru waliokuja. Nikasema, sisi wa familia hii tunasema asanteni. Mluzi ukatoka. Basi mtu mmoja kule nyuma akapiga makofi. Alianza yeye peke yake, halafu wakafuata wote. Mwingine akataka nitoe wimbo. Nikakaa chini. Sikumaliza kusema."

Alijifuta mdomo kwa kitambaa.

"Mwezi ujao mjukuu wangu anaolewa. Wameniomba niseme maneno mawili. Nataka niyaseme kama babu yake, basi."

Fundi alikuwa anakumbuka ukuta wa makaburi, na yeye ameuegemea, fulana ya bendi ikiwa ndani ya shati la msiba. Hakuwa na nia mbaya. Mikono ilijiendea yenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwasimulia wenzake kwa kinyozi kwamba Mwanya ni msanii wa kweli, hata kaburini alitupatia kidogo, na kwamba makofi aliyaanzisha yeye. Na kila mara wenzake walimwonea wivu. Leo aliona aibu iliyompanda kutoka miguuni.

Alinyoosha mkono, mzee akamrudishia meno. Akawasha taa ya spiriti, akapasha kisu, akalainisha nta na kulisogeza jino la kulia, kisha la kushoto, mpaka yakagusana. Ilikuwa kazi ya dakika nne. Akaosha, akampa.

Mzee akavaa. "Sisi wa familia hii tunasema asanteni," alijaribu, polepole. Kisha akarudia. Ilikuwa sauti safi, ya mzee yeyote anayeuliza bei ya sabuni dukani. Alicheka, na mkono haukwenda mdomoni.

"Hapo sasa umenitendea haki," alisema. Alimtazama fundi kwa makini, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Nyinyi wapenzi wa bendi mlikuja wengi sana msibani siku ile. Na wewe ulikuwepo?"

Fundi alikuwa na daftari nyumbani. Limeandikwa kila onyesho, kila tarehe, kila mahali alipomwona Mwanya akifungua mdomo, na hakuwahi kukana hata mahali pamoja.

"Hapana, mzee," alisema. "Mimi sikuwepo."

"Afadhali," alisema mzee, akampa mkono wa shukrani. Fundi akaupokea kwa mikono yake yote miwili.