Machipukizi ya Jirani

"Mwenzangu, kwani migomba nayo hufiwa?"

Jirani yangu aliuliza hivyo akiwa ameegemea mlango wa jikoni, macho shambani kwangu. Majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano, yamevunjika shingo, yananing'inia kama nguo zilizosahaulika kambani. Nilicheka. Yeye peke yake ndiye aliyejua kunichekesha.

Migomba ile alinipa yeye. Mume wangu alipozikwa, wengine walileta maneno. Yeye alileta machipukizi kutoka kwake, mizizi ikiwa na udongo wake, akayapanda kwa mkono wake. "Mungu ametwaa. Sisi tupande." Jembe lake halikurudi tena kwao. Lilikaa nyuma ya mlango wangu, tukilitumia kwa zamu. Leo pale pana mahindi, lakini nikifumba macho bado nasikia yale majani mapana yakibishana na upepo.

Nilimwita binti yangu, anayefanya kazi kwenye maabara ya magonjwa ya mimea, nikitumaini dawa. Alipasua shina, akatuonyesha michirizi ya kahawia ndani, akachukua vipande vya migomba ya mashamba yote mawili, langu na la jirani, akavipime.

Aliporudi na majibu alitukuta kwenye chai.

"Dawa hakuna, mama. Kinachoiua migomba ni kuvu. Kuvu za aina hii zimejaa udongoni, nyingi hazina neno. Ila hii ina kipande cha ziada cha chembe za urithi. Ndicho kinachoipa nguvu ya kuua mgomba. Na kipande chenyewe kinaweza kuhama, kikaingia kwenye kuvu isiyo na neno iliyo karibu, nayo ikaanza kuua."

Jirani akaangua kicheko. "Kumbe hata kuvu hufundishana tabia mbaya, kama wanangu na wako!"

Binti yangu hakucheka. "Mama mdogo, nimekikuta kwako na kwa mama. Ni kile kile."

"Kimeanzia wapi?" jirani akauliza.

Binti yangu akanitazama. Shule yangu iliishia ya msingi, ila uso wake naujua kuusoma: ningetikisa kichwa tu, angedanganya. Nikaomba kimoyomoyo, nikamwambia, "Sema."

"Kilikuja na machipukizi. Inabidi migomba yote ing'olewe, ichomwe. Huku na kwako."

Jirani akaweka kikombe chini, chai haijapungua.

"Nilikuletea msiba wa pili."

"Uliniletea sababu ya kuamka asubuhi," nikamjibu.

Akainuka, akalitoa jembe nyuma ya mlango. Nikadhani sasa linarudi kwao. Akatoka, akaipa kisogo njia ya kwake, akaelekea migombani kwangu.