Radi Isiyokuwa ya Monika

Tulishaipita stendi ya Chala nami bado natafuta pa kuweka miguu, maana chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na ndoo ya maharage na jogoo aliyefungwa, mkali kweli. Pikapu ilikuwa ya Shedrack, kijana mcheshi anayebeba mzigo wowote na mtu yeyote. Nilimwambia nakwenda Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika, kutazama meli, akasema mzee asiye na shughuli ni mzigo mwepesi, panda.

Mbele alikaa mama wa makamo, Klementina, kajifunga kitenge kama mtu anayekwenda kwenye kesi. Nyuma, pembeni yangu, alikaa Monika, binti wa kaka yake, mwanafunzi wa kidato cha nne. Aliniamkia vizuri, kisha akageukia dirisha. Hakutazama barabara wala ntumba, yale matuta ya duara ya Wafipa yanayongoja mvua. Alitazama mawingu tu.

"Unakwenda kutembea?" nikamuuliza.

"Nahamishwa, babu."

"Hahamishwi," shangazi akasema bila kugeuka. "Anakwenda kukaa Kasanga kwa baba yake mdogo, Cleophas, mpaka mvua ziishe."

"Na mtihani?"

Shedrack akakohoa. Mtihani wa mwisho ulikuwa mwezi ule ule wa Novemba, na mvua za huku huisha Aprili. Hata mimi niliyesoma kwa vipande, mwaka hapa mwaka pale, niliiona hesabu hiyo.

Klementina hakuwa mtu wa kuficha neno. Kabla ya nusu ya safari nilikuwa nimeyajua yote. Monika alipokuwa kidato cha pili, radi iliingia darasani mwao kipindi cha hesabu. Kiti cha dirishani kilikuwa cha Monika, ila asubuhi hiyo alikaa rafiki yake, Debora, binti wa wafugaji Wasukuma. Debora alikufa pale pale. Monika alizinduka akiwa hasikii sikio moja, likapona. Kilichobaki ni hiki: wingu likijikusanya, anaziba masikio, anatoka mbio darasani. Usiku hapati usingizi. Chakula anakigusa tu.

"Tumehangaika," Klementina akasema. "Ilionekana imetumwa. Kaka yangu Adriano ana ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani, basi mtu akaamua kumpiga kupitia mtoto. Ikamkosa, ikampata yule mwingine. Tulitoa misa ya shukrani."

Nikamwangalia Monika. Alikuwa anaukwaruza mshono wa kiti kwa ukucha, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuisikia habari hiyo mara nyingi kuliko radi yenyewe.

"Sasa Kasanga hakuna radi?" Shedrack akauliza. "Mimi nimeionea pale bandarini, ikapiga mnazi."

"Ya Mungu ipo kila mahali. Ya kutumwa haiwezi kushuka ule mteremko wa ziwani. Inapotea njia."

"Kama ni ya kutumwa si wangeielekeza vizuri, shangazi?"

"Endesha gari."

Karibu na Sumbawanga tukachepuka kwenda Mollo, Shedrack ashushe mifuko ya mbolea iliyokuwa nyuma. Hapo ndipo anga likawa jeusi. Ngurumo ya kwanza ikapita mbali, na Monika akainama, kichwa magotini. Klementina akaanza kazi. Kwanza akamvua Shedrack jezi yake nyekundu, maana nyekundu inaita radi, na kijana akabaki na singlendi. Akatuzimisha simu wote. Kisha akashuka mvuani kufunika vioo, kama afanyavyo kila mama wa huku nyumbani kwake. Cha kushoto akakivisha kilemba chake. Cha kulia akakivisha soksi ya Shedrack. Kile cha ndani akakizungushia leso.

"Shangazi, hivyo ndivyo vinavyonionyesha nyuma."

"Nyuma tumeshapita. Angalia mbele."

Lakini tulikuwa tumekosea njia, ikabidi kurudi nyuma mbele ya boma moja la wafugaji. Mvua ilikuwa inamwagika.

"Mzee, nyuma kukoje?"

"Sioni kitu."

"Basi hakuna kitu."

Kulikuwa na mtaro, na baada ya mtaro zizi. Tuliviingia vyote viwili.

Akatoka mwanamume mrefu, kajifunika turubai. Akalizunguka gari, akaitazama soksi kwenye kioo, akatutazama sisi.

"Karibuni," akasema. "Mlango uko upande ule mwingine."

Tukacheka, isipokuwa Klementina na Monika. Klementina alikuwa amemtambua mtu huyo. Ni Masunga, baba yake Debora. Walihama Chala na ng'ombe wao baada ya msiba, na nyumba yao haikuwa imejulikana kwa watu wa kule. Monika naye akamwona. Nilidhani angekimbilia mvuani, lakini radi ikapasua juu yetu, akakimbilia ndani, akajitia chini ya meza ya chakula.

Mama Debora alikuwa anapepeta mchele. Aliliona gauni la shule likipotea chini ya meza, akaweka ungo chini. Alikuwa amemtambua. Akachukua bakuli la michembe, vile viazi vikavu vya Kisukuma, akapiga magoti, akaingia naye chini ya meza. Alikuwa mama mwenye mwili, meza ikainuka kidogo.

Sisi tukasimama pale hatujui pa kutazama. Masunga akatupa maziwa mgando, tukanywa, na kila neno la chini ya meza tukalisikia.

"Kula. Umekonda hivi, mama yako anakupikia nini?"

"Mama, ile ilikuwa yangu."

"Ipi?"

"Radi. Kila mtu anasema. Ilikuwa yangu, ikamchukua Debora. Kiti kilikuwa changu, nikampa."

Mvua ilipiga bati mpaka nikadhani hatutasikia jibu.

"Ulimpa?" Mama Debora akasema. "Alikuomba?"

"Hapana. Nilikuta ameshakaa. Nikamwambia toka, akanitolea ulimi."

Kukasikika sauti, sikujua mama yule analia au anacheka. Kumbe vyote.

"Huyo ndiye mwanangu. Sikiliza. Tunahama Usukumani, ana miaka saba, kwenye basi dirishani amekaa baba mzima na koti lake. Debora akamwambia, mimi hutapika, nikikaa huku nitakutapikia wewe. Yule baba akahama. Na hajawahi kutapika siku moja, mtoto yule. Kule Chala nyumbani dirisha lilikuwa lake, kwa bibi yake dirisha lilikuwa lake, kanisani alimsogeza katekista. Nawe ungemzuia? Kwa mikono hii?"

"Lakini ilitumwa kwangu."

Masunga hapo akaweka kikombe. "Mwaka uliofuata radi iliniulia ng'ombe wanne chini ya mti. Niambie, Mama Klementina, ng'ombe wale walikuwa na ugomvi wa mpaka na nani?"

Klementina akaweka na chake. Akasema polepole, "Sisi tulikuwa tunamfariji. Tulimwambia umshukuru Mungu, ilikukosa."

"Mlikuwa mnamfariji," Mama Debora akasema kutoka chini, bila ukali. "Naye kila akifarijiwa anarudi kumzika Debora upya. Miaka miwili namngoja huyu mtoto aje kunisalimia. Nilifikiri kanisahau. Kumbe ananiogopa."

"Nilijua utanichukia," Monika akasema.

"Nakuchukia kwa kutokula. Chukua hivi viwili."

Alikula. Radi ilipiga tena, ya karibu, taa zikazimika. Monika alipiga kelele na Mama Debora akapiga kelele vilevile, maana naye anaogopa, hakuna aliyewahi kumuuliza. Kisha tukawasikia wanacheka humo gizani, kicheko cha watu wawili waliobanana vibaya. Shedrack akaniambia kwa mnong'ono kwamba akipata nafasi naye ataingia.

Mvua ilipokata, Mama Debora akatoka kwa kuvutwa mikono na mume wake. Akasema yeye hulala siku hizi kwa sababu ya muuguzi mmoja mjini, Hellena, ambaye kazi yake ni kukaa na watu waliofikwa na mambo kama hayo. Haanzi na dawa. Anakuuliza, anakusikiliza, anakufundisha namna ya kupumua na kukanyaga sakafu mpaka mwili ujue uko hapa, hauko kule.

"Kesho ni siku yangu ya kwenda kwake," akasema. "Tutakwenda wote."

"Kesho tunashuka Kasanga," Klementina akasema, ila sauti ilikuwa imeshachoka.

"Mimi sishuki," Monika akasema. "Nitafanya mtihani."

"Na wingu likija?"

"Litakuja, shangazi. Nitaogopa. Nitafanya nikiwa naogopa."

"Baba yako nitamwambia nini?"

"Washa simu, nimwambie mwenyewe."

Akamwambia. Mazungumzo yalikuwa marefu na Adriano alifoka mpaka tukamsikia wote. Mwisho Klementina akamnyang'anya binti simu. "Kaka, huyu mtoto amekula," akasema. "Amekula michembe bakuli zima, nimeona kwa macho yangu." Upande wa pili Adriano akauliza kama ilibaki.

Asubuhi maksai wa Masunga wakalivuta gari. Monika, shangazi yake na Mama Debora wakaenda hospitali kwa Hellena, mimi nikapanda lori la saruji kwenda Kasanga.

Haya mengine niliyapata baadaye, kwa kupita pita. Monika alifanya mtihani kule Chala. Mvua ilinyesha siku ya jiografia, akatoka nje ya chumba mara moja na msimamizi, akarudi, akamaliza. Alipata daraja la tatu. Anasoma chuo cha kilimo Mbeya, na mvua kubwa bado humkosesha usingizi, ila siyo kila mvua. Kwa Hellena alikwenda mwaka mzima. Hellena amehamishiwa mkoa mwingine. Masunga na mkewe wamesogea na ng'ombe upande wa Katavi. Monika huwatembelea Krismasi. Adriano na jirani yake bado wana kesi ya mpaka. Cleophas alikuwa ameshanunua kitanda cha Monika, akakiuza kwa mvuvi. Shedrack anaendesha basi la Mpanda. Klementina bado hufunika vioo. Jogoo alichinjwa kule kule Mollo. Meli niliyoifuata ilikuwa kwenye matengenezo, sikuiona.