Ngolo ya Diwani

Sungura wa Mzee Tarsisi alikuwa na miezi minne tu, lakini nyumba ile ya kijijini Matiri alishaigawa kata na vijiji. Chini ya kochi, kwake. Nyuma ya kabati, kwake. Mipaka aliipiga kwa mkojo, na aliyeivuka aling'atwa kifundo cha mguu. Ndiyo maana wakamwita Diwani. Siku moja jogoo aliingia sebuleni kutafuta makombo. Alifukuzwa mpaka kijiji cha Mbuji, na habari zilizopo ni kwamba huko ameshaoa. Waya wa redio Diwani aliukata katikati ya matangazo ya vifo, kijiji kizima kikakaa siku tatu hakijui kimlilie nani.

Yote hayo Hildegardi, mke wa Tarsisi, aliyavumilia. Godoro lilipotobolewa, basi.

"Baba Victor," alisema akiwa ameshabeba mfuko wa kwenda Tingi kumwona dada yake, "nikirudi Jumamosi nikakuta anachimba nyumba yangu, naingia naye jikoni. Wewe utakula paja."

"Mama, huyu ni wa Aurelia. Nilimwahidi mjukuu wetu akija likizo atamkuta."

"Uliahidi wewe. Mimi nimeahidi kununua vitunguu."

Tarsisi alihangaika wiki nzima. Alimfokea Diwani, akafokewa kwa mguu wa nyuma uliogonga sakafu. Ijumaa jioni ndipo alipokutana na bwana mifugo, Nicolaus, nje ya duka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, niokoe. Nina usiku mmoja."

Nicolaus alisikiliza habari za Diwani akicheka, lakini alimsaidia. "Anabalehe huyo. Akikua kidogo mlete tumhasi. Kwa sasa usimpige. Mpe mahali pake pa kuchimba na majani ya kutafuna. Kitambaa alichokikojolea kiweke humo humo, ajue kwake ni wapi."

Jumamosi asubuhi Tarsisi alijaza udongo kwenye sanduku la mbao. Mtu wa kwingine angeishia hapo. Mmatengo kama yeye akiona udongo anaona ngolo, yale mashimo ya kilimo cha mteremkoni yanayozungushiwa nyasi zilizofukiwa. Akakimbia shambani akakata nyasi, akazipanga juu ya udongo miraba miraba, kama za mteremkoni, shimo katikati. Kuzifukia nyasi hakuzifukia. Kufukia ngolo ni kazi ya wanawake, na mwanamke yuko Tingi. Akaziacha wazi.

Diwani akaingia, akala miraba miwili bila kupumua. Tarsisi akapiga makofi. Ndipo alipoviona vidole vyake vina rangi ya buluu.

Nyasi alizikata chini ya mibuni. Na mibuni aliipulizia ile dawa ya buluu Alhamisi.

Akamwaga nyasi zote nje, akampigia Nicolaus simu. "Mpe maji na majani safi," alisema Nicolaus. "Halafu angalia kinyesi. Akigoma kula, akaacha kunya, hapo ndipo pa kuogopa."

Diwani alijikunyata chini ya kochi, macho yamefumba nusu. Saa nne, hali kitu. Saa sita, hali kitu. Kile kinyesi alichokifagia kwa matusi mwezi mzima, leo Tarsisi alikitafuta kwa tochi asikione hata punje. Alisukuma mguu wake chini ya kochi, ndani kabisa ya mpaka. "Ning'ate, baba. Ning'ate tu."

Hildegardi alimkuta amelala sakafuni hivyo hivyo.

"Umeanguka?"

"Hang'ati."

Akamweleza yote. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, mfuko ungali begani.

"Chini ya mibuni, Baba Victor? Miaka arobaini unalima kahawa!"

"Nilikuwa na haraka. Nilikuogopa wewe."

Hildegardi aliweka mfuko chini. Alitoka, akarudi na majani ya viazi vitamu ya nyuma ya jiko, ameyasuuza mara mbili. Akakaa chini naye, akashika jani moja karibu na pua ya Diwani. Pua haikucheza. Walikaa hivyo mpaka miguu ya mzee ikafa ganzi.

Kisha pua ikacheza. Jani likafupika, likaisha. Diwani akajinyoosha, akaelekea sandukuni, akaanza kuchimba kama mwenye kudaiwa kisima. Udongo ukaruka ukatua juu ya kitenge cha safari. Na pembeni, punje moja nyeusi, ya pili, ya tatu.

Tarsisi alijishika kichwa. "Asante, Mungu wangu!"

"Bado anachimba," alisema Hildegardi akikung'uta kitenge.

"Anachimba sandukuni, mama. Nyumba hajaigusa."

Mkewe akanyanyuka na mfuko wake kuelekea chumbani.

"Basi lisogeze hilo sanduku. Linanizibia mlango wa chumbani."