Kuni Kitandani

Mgongo ulipomkatalia mwokaji, mkewe alishika tanuri. Kukanda unga alikuwa anajua vizuri, ila moto ulikuwa kazi ya mume tangu waoane. Siku ya kwanza mikate ilitoka imepauka, ndani mibichi. Siku ya pili ikatoka na masizi, michungu.

"Mkono wako hauna kosa. Kuni hizo," mumewe alimwambia kutoka kitandani. "Niletee nizione."

Akamletea karai zima, akazimwaga juu ya shuka. Mama mkwe wake, mamaye mwokaji, aliyekuwa anakunja nguo pembeni, akasita.

"Mkwe wangu, wagonjwa wa wenzetu huletewa matunda."

Mwokaji alikuwa ameshaokota kipande chenye utomvu. "Msonobari. Nusa. Huu ndio uliokutia masizi jana. Wa kuwashia tu." Akachukua kingine, chepesi, cheupe. "Mwembe. Unawaka kwa fujo, ukigeuka umekuwa jivu." Cha tatu kilikuwa kizito, chekundu ndani, na ganda la mikwaruzo. Akatabasamu. "Mgunga. Makaa yake hukaa mpaka mkate wa mwisho. Tia huu."

"Ndio niliotia juzi," mkewe akasema. "Ulilia chiii, ukatoa povu nchani, moshi ukajaa mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni."

Mwokaji akakigeuza kile kipande. Nchani hakikuwa na ufa hata mmoja. Akakwangua ganda kwa ukucha, chini yake kukawa kijani.

"Mbichi. Uzito wote huu maji. Nimekuwa nikitazama mti, sikutazama ukavu."

Mkewe akagonganisha vipande viwili vya mgunga, vikatoa mlio mzito, du. Akatafuta viwili vyenye nyufa, vikalia ko, ko. Mama mkwe akaacha nguo, naye akajaribu.

Asubuhi hiyo wakwe wawili waliuchambua mrundo wote uani. Muuza kuni alipokuja, mke wa mwokaji alimgongea vipande viwili karibu na sikio.

"Mama, mti si ni uleule?"

"Mti uleule. Nataka uliokaushwa."

Muuza kuni akaondoka na vile vibichi, kesho yake akaleta vingine, vimepasuka nchani, ganda linabanduka lenyewe. Mikate ikatoka ya kahawia, imeiva mpaka katikati.

Wiki ya tatu mwokaji alirudi kazini, anatembea kwa kujihurumia. Mlango wa tanuri ulikuwa wake tena, lakini kuni alingoja akabidhiwe. Akijaribu kujichukulia mwenyewe, mkewe alikipokea kipande kile, akakigonga ukutani, kisha akaamua.