Amonaiti wa Tabaka la Nne

Wanafunzi walimwita Nyundo, na si kwa sababu ya ile ya kupasulia mawe tu. Alikuwa mtaalamu wa miamba, mkali kama pilipili. Kazi yake ilikuwa kutambua umri wa matabaka ya Jurasiki kwa amonaiti, wale wanyama wa bahari za kale wenye gamba lililojikunja kama pembe ya kondoo dume. Kila aina iliishi zama zake ikatoweka, kwa hiyo ukiikuta ndani ya tabaka, umejua tabaka hilo ni la lini. Ndani ya tabaka, lakini. Kisukuku kilichookotwa chini ya genge la mwamba si ushahidi, maana huenda kimeporomoka kutoka juu. Sheria hiyo aliwaimbia wanafunzi miaka thelathini.

Wiki yake ya mwisho kazini alikuwa akisafisha trei za stoo. Akashika amonaiti wake wa fahari, ambaye Nyundo hakuwahi kuruhusu mtu amwoshe. Kibandiko kilikuwa na mwandiko wake mwenyewe: Tabaka la Nne. Akasugua mikunjo kwa mswaki wenye maji. Maji yakatoka mekundu.

Tabaka la nne ni la kijivu tupu. Udongo mwekundu uko la sita, kule juu, tabaka la zama za karibuni zaidi.

Akajitupa kitini. Akakumbuka mvua ya siku ile na haraka zake, alivyoinama chini ya genge akaokota, namba akaja kuiandika garini.

Kwa kisukuku hicho aliikataa tasnifu ya shemeji yake, mdogo wa mkewe. Binti wa watu alikuwa amechimbua kwenye tabaka lilelile amonaiti wa aina ya kale zaidi, akaandika kwamba tabaka ni kongwe kuliko ilivyodhaniwa. Nyundo akamwambia mbele ya darasa zima, "Kapimwe macho kwanza." Watu wakavunjika mbavu. Mwezi huohuo shemeji aliacha chuo. Siku hizi ana duka la vigae.

Nyundo alimkuta huko akipanga maboksi. Akamweleza yote, hakuficha kitu.

"Kumbe nilikuwa sahihi," shemeji alisema taratibu.

"Ulikuwa sahihi. Nisamehe, shemeji. Nitachapisha masahihisho, na jina lako ndilo litakalotangulia."

"Unajua nilienda kweli kupimwa macho? Daktari akasema mazima kabisa. Sikumwamini. Nilikuamini wewe."

Nyundo alikuwa amekuja na masahihisho ya tabaka tu, basi.

Mteja akaingia na kipande cha kigae, akitaka vinavyofanana nacho. Shemeji akakipokea, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni, akakitazama tena.

"Hiki ni cheupe, au siyo?" akauliza.

"Si unakiona mwenyewe, mama?" mteja akacheka.

Shemeji hakucheka. Alikuwa bado anasubiri aambiwe.